Vichwa Kumi na Kimoja, Namba Moja

9 Februari

Kwa mpwa wangu, fundi wa mashine za hospitali,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, maana najua ukifungua bahasha hii utasema shikamoo Mjomba, na sipendi salamu ya mtu izurure njiani kwa kukosa wa kuipokea. Hapa nyumbani sote wazima. Mkaza mjomba wako lile goti limemwacha, siku hizi anapanda ngazi kama msichana, ila akisikia kuna vyombo vya kuosha linamrudia. Bati la jikoni lililokuwa likivuja nimeliziba mwenyewe. Nilipanda juu siku ya upepo wa kubeba kuku, nyundo mkono huu, misumari mdomoni, na upepo uliponinyanyua nikabaki nimening'inia kwa kidole gumba kimoja, nikaendelea kupigilia. Muulize fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, aliona kwa macho yake. Atakwambia upepo haukuwa mkubwa. Usimsikilize, yule ana kijicho.

Chumba chako kipo vilevile. Mkaza mjomba alitaka kuweka cherehani humo, nikamwambia labda nife kwanza.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Baba yako amerudi. Sijui kama una habari. Nadhani huna, nani angekupa? Amepanga vyumba viwili juu ya duka la dawa, mtaa wa pili kutoka kwetu. Miaka ishirini na miwili, halafu tunakutana kwenye foleni ya mkate ananiambia, "Shemeji, za siku nyingi," kama mtu aliyekwenda kukata nywele. Nikamjibu njema. Ningemjibu nini?

Hilo si baya. Baya ni kwamba amejenga meza ya treni.

Wewe meza yangu unaijua, umekulia chini yake. Milango miwili ya mbao juu ya mapipa, handaki la boksi la sabuni, vichwa vya treni kumi, mabehewa thelathini na moja. Kila Jumamosi baada ya saa nane chumba cha uani kilikuwa hakina pa kusimama: fundi viatu, mwalimu mstaafu, muuza magazeti, hata yule askari wa zamu aliyekuwa akiegemea ukuta hadi rangi ikatoka. Sasa wote wanapanda ngazi za duka la dawa. Kisa? Shemeji ana mtambo wa kidijitali. Kila kichwa kina namba yake, unabonyeza namba, kinakwenda hicho tu. Viwili juu ya reli moja, kimoja kinakwenda, kingine kinarudi nyuma, taa zinawaka, honi inalia. Mimi nikizungusha kinobu changu cha mwendo kila kilichomo relini kinakurupuka kama mbuzi waliofunguliwa.

Muuza magazeti kaniambia mbele ya mke wangu, "Bwana Stesheni, treni zako zinakwenda. Za shemeji yako zinaendeshwa."

Mimi! Niliyeendesha treni ya kweli miaka kumi na tisa, treni ndefu hata behewa la mwisho likinyeshewa la kwanza lipo juani!

Sina wivu. Wivu ni wa watu wasio na kitu. Ila nimenunua mtambo wa kidijitali na mimi. Si mpya, lakini hivi vya zamani ndivyo vyenye chuma ndani. Nimeupata kwa nahodha mmoja wa meli, mzee wa ndevu, alipoukabidhi machozi yakamtoka akasema, "Mwenye mikono ya kuustahili ni wewe." Nimenunua na chipu kumi, nimezichomelea mwenyewe kwenye vichwa vyangu, vidole viwili vimeungua hadi mfupa nikauona, mweupe.

Tatizo ni hili. Kisanduku kinakataa namba inayopita tisini na tisa. Sasa shemeji ana kichwa kimoja cheusi, cha moshi, cha zamani, namba yake 1906. Nia yangu ni kumwalika. Aje na hicho cheusi chake, akiweke juu ya reli zangu, halafu mimi nikiendeshe kwa mkono wangu mbele ya watu wote. Basi. Sitaki zaidi ya hapo.

Wewe unayefufua mashine za mapigo ya moyo, hiki kikasha kitakushinda? Nielekeze. Na ukija likizo ya Agosti utakaa hapa kama siku zote, hilo halina mjadala.

Mjomba wako


2 Machi

Mjomba, shikamoo,

Nimefurahi goti la mkaza mjomba limepona, na kidole gumba chako pia. Huku kazi ni nyingi. Wiki mbili nimeshinda chini ya jengo, kwenye mashine ya kuchemshia vifaa vya upasuaji. Mlango wake haukuwa ukifunga, na daktari mkuu alikuwa anakuja kila saa kunisimamia kichwani, mikono mfukoni, kana kwamba mashine inamwonea haya. Jana imefunga. Hakuja.

Kisanduku chako hakijaharibika, kimezeeka tu. Ndani kuna chipu inayobeba maelekezo yake yote, na maelekezo hayo ni ya zamani. Chipu hiyo hutolewa ikawekwa mpya, kisanduku kikajua namba ndefu. Ninaweza kuitengeneza hapa nikakutumia. Lakini lazima nijue ni toleo gani. Ukikiwasha, kabla ya kitu kingine chochote, kioo huonyesha tarakimu mbili zenye nukta katikati. Niandikie hizo. Kisha kigeuze chini juu, uniandikie kila kilichoandikwa tumboni, hata kama hakina maana kwako.

Aliyekuuzia alikuwa anakitumia na transfoma gani? Kama unaweza kumuuliza nahodha, muulize.

Nakuomba usiingie gharama nyingine kwa kushindana. Hasa daraja. Lile la juu ya duka la dawa limebebwa na chuma. Ukiiga kwa mbao zako nyembamba litakulalia.

Kuhusu Agosti, likizo ni siku kumi na nne. Nitakuandikia.

Mpwa wako


28 Machi

Kwa mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imekaa njiani siku kumi na tisa, nadhani ilikuja kwa miguu. Tu wazima. Askari wa zamu amehamishwa. Mkaza mjomba ameanza kufuga sungura, ananiambia ni wawili; nimehesabu juzi, ni tisa.

Kioo kinaonyesha 2.1. Tumboni kuna kibandiko cha kiwanda chenye namba nyingi, nimezinakili nyuma ya karatasi hii. Halafu kuna plasta nyeupe imeandikwa kwa kalamu: "Waya mwekundu kulia. Usilazimishe." Herufi zimelala upande kama zimechoka, na ile kei ina mkia mrefu wa kupita mstari. Ndio mwandiko wa manahodha huo, kwa sababu ya mawimbi. Nahodha mwenyewe siwezi kumuuliza, ameshatweka, sasa hivi yupo kwenye maji ambayo hata samaki hawajui yalipo.

Sasa nikuulize na mimi.

Daraja gani?

Nimeisoma barua yangu ya kwanza kichwani mara nyingi, na mke wangu ni shahidi, mimi sikukuandikia habari ya daraja. Nilikuandikia namba, taa na honi. Daraja sikulitaja kwa sababu lilinikera. Wewe uko mbali huko, safari ya siku mbili na nusu, umejuaje kuna daraja, na umejuaje limebebwa na chuma?

Mimi sikulazimishi useme. Mtu mzima ana siri zake. Nimeuliza tu.

Mwalimu mstaafu alipita Jumamosi, akakaa dakika kumi, akatazama saa. Nilimwona. Nikamwambia, "Mwalimu, nenda, ngazi za watu zisikusubiri." Akasema, "Aa, Bwana Stesheni, nimekuja kwako." Akatazama saa tena.

Hukunijibu juu ya kukaa kwetu. Mkaza mjomba amefua mapazia.

Mjomba wako


20 Aprili

Mjomba, shikamoo,

Nimeichelewesha barua hii kwa makusudi, kwa hiyo usiilaumu posta. Sungura tisa watakuwa ishirini kabla sijafika. Mwambie mkaza mjomba atenge madume.

Nahodha wako ana mwandiko wa Baba.

Ile kei ninaijua. Baba ananiandikia. Ni mwaka wa pili sasa. Alianza yeye, nikakaa miezi mitano bila kumjibu, kisha nikamjibu. Sikukwambia kwa sababu najua unavyonyamaza ukiumia, na mimi niko mbali, kimya chako nisingeweza kukaa nacho chumba kimoja nikakivunja kwa utani kama zamani.

Maliza kusoma kabla hujaikunja. Mwezi wa kumi na mbili nilimpelekea mtambo mpya wa treni. Niliununua kwa mshahara wangu. Wa zamani akamwachia yule muuza vitu vya mitumba wa karibu na stendi ya mabasi. Nadhani hapo ndipo meli ilipotia nanga.

Hutaniuliza kwa nini yeye nikampelekea na wewe hapana, kwa hiyo najijibu mwenyewe: wewe hujawahi kuniambia unahitaji kitu. Kila barua yako umemshinda simba.

Chipu ya toleo jipya imo ndani ya kifurushi hiki, nimeichomeka kwenye kipande cha sponji ili miguu yake isipinde. Chomoa umeme kwanza. Ile ya zamani inyanyue pole pole, upande huu kidogo, upande huu kidogo. Mpya ina kijipengo kichwani. Kijipengo kielekee upande uleule.

Na hili la mwisho ndilo kubwa. Kisanduku hiki, ukikiambia kikiandikie kichwa cha treni namba mpya, hakichagui. Kinakiandikia kila kichwa kilichosimama juu ya reli. Kwa hiyo kabla ya kuandika namba, ondoa vyote mezani kwa mkono, bakisha kimoja tu. Kimoja, Mjomba.

Agosti nitakaa wiki moja kwa Baba na wiki moja kwenu. Nimefikiri sana.

Mpwa wako


30 Mei

Kwa Fundi,

Kifurushi kimefika. Chipu nimeibadilisha. Kisanduku kinakubali namba ndefu. Asante.

Mkaza mjomba anakusalimu. Hatujambo.

Mla ni mla leo, mla jana kala nini.

Mjomba wako


14 Juni

Mjomba, shikamoo,

Barua yako imeniogopesha. Mistari sita, na yote ya kweli. Hukuungua, hukuning'inia, hakuna kuku aliyeruka. Nimemsomea mwenzangu wa kazini, anayezijua barua zako, akaniuliza, "Mjomba wako ni mgonjwa?"

Methali yako nimeielewa. Jana nilikula kwako, najua. Nilikula miaka kumi na saba, na kilichokuwa mezani nakumbuka.

Kama bado unamwalika Baba, mwalike kwa heri. Na lile la kichwa kimoja relini usilisahau.

Mpwa wako


8 Julai

Kwa mpwa wangu,

Marahaba. Sungura ni kumi na wanne, mmoja kalala kitandani kwako, nimemfukuza. Fundi viatu kavunjika jino kwa kung'ata uzi.

Nakuandikia mapema kabla hujasikia kwa mdomo mwingine, maana najua siku hizi una midomo miwili mtaani huku.

Jumamosi iliyopita nilimwalika shemeji. Nilifagia uani mwenyewe. Watu walikuja, mpwa wangu, walikuja hata wa mitaa ya huko chini, kulikuwa na watu mia mbili chumbani. Tuseme ishirini. Baba yako akaja na kile kichwa chake cheusi kimefungwa kwenye taulo kama kichanga. Alipokiona kisanduku changu akakitazama kidogo, akasema, "Kizuri hiki, Shemeji. Umekipata wapi?" Nikasema kwa nahodha. Akasema, "Manahodha wana vitu." Akakiweka cheusi chake kwenye reli ya ukingoni, ile inayopita dirishani.

Nikabonyeza 1906. Kikaenda! Nikakipeleka hadi stesheni, nikakirudisha, nikakipigisha honi. Watu wakapiga makofi. Nikamtazama muuza magazeti usoni, nikamuuliza, "Sasa huko ni kwenda au ni kuendeshwa?" Akacheka, akasema, "Bwana Stesheni, leo umefunga mdomo wangu kwa kufuli."

Ningeacha hapo. Lakini nilikuwa na kichwa kimoja, kile cha kijani, bado hakina namba yake. Nikasema ngoja niwaonyeshe namna kichwa kinavyopewa namba. Nikabonyeza kukipa saba.

Ulisema niondoe vingine. Nilikumbuka. Lakini elewa, mimi ni mtu wa reli. Kwenye reli, kichwa cha treni hakiinuliwi kikawekwa pembeni kama sufuria. Kichwa kikionekana nje ya reli maana yake kuna ajali na kuna watu wanalia. Niondoe vichwa kumi kwa mkono mbele ya watu, na kimojawapo ni cha mgeni? Mkono ulikataa. Nikasema kisanduku kina akili, kitaelewa ninachokisema ni kile cha kijani.

Hakikuelewa. Nilipozungusha kinobu cha saba vyote kumi na kimoja viliondoka pamoja. Vingine vinatazama huku, vingine kule. Pale stesheni vilikutana vinne, vikapandana kama mbwa. Watu wakapiga kelele. Kwenye ile reli ya ukingoni vichwa vyangu vitatu vikakisukuma mbele kile cheusi cha shemeji, reli ikaisha, kikaanguka sakafuni. Sakafu ni saruji. Bomba la moshi limekatika, ekseli, kile chuma cha magurudumu ya mbele, imepinda.

Kile kitufe chekundu cha kusimamisha vyote nilikibonyeza, kikakwama. Ni kisanduku cha zamani, unajua mwenyewe. Mitumba.

Watu wanasema nilifanya kwa kijicho. Wewe usiwasikilize. Niambie tarehe ya kufika.

Mjomba wako


25 Julai

Mjomba, shikamoo,

Poleni na jino la fundi viatu. Mimi ni mzima.

Barua yako na ya Baba zimefika siku moja, postamasta kazifunga kwa mpira mmoja. Nikafungua ya Baba kwanza. Amesema kosa ni lake, kwamba alikiweka kichwa chake kwenye reli isiyo na kizuizi mwishoni bila kuitazama. Amesema wewe ulikibonyeza kitufe papo hapo, haraka kuliko alivyotegemea, ila kichwa kilikuwa kimeshafika ukingoni. Hakuna neno la kukulaumu hata moja.

Kisha nikafungua yako. Wewe unasema kitufe kilikwama.

Kitufe hicho hakina cha kukwama, Mjomba. Ninavijua hivyo visanduku. Kwa hiyo mmoja wenu, au wote wawili, mmeniandikia kitu ambacho hakikutokea.

Kile kichwa cheusi ndicho kitu pekee ninachokumbuka cha nyumba yetu kabla Baba hajaondoka. Nilikuwa na miaka minne. Nakumbuka sauti yake chini ya kitanda. Sikuwahi kukwambia kwa sababu ulikuwa na vyako kumi, na nilikuwa nakula kwako.

Nitafika tarehe 17 Agosti, basi la saa tisa mchana. Nimeiandikia nyumba ya wageni ya karibu na stendi wanitunzie chumba kwa siku zote kumi na nne. Sitakaa kwa Baba na sitakaa kwenu. Nitakuja kuwasalimu.

Mpwa wako


6 Agosti

Kwa mpwa wangu,

Marahaba, mama. Tu wazima sote, sungura nimeacha kuwahesabu.

Barua hii ni ya nne, tatu nimezichana. Ya kwanza ilikuwa na umeme wa radi uliopiga kisanduku. Ilikuwa nzuri ile, ungeipenda.

Kitufe hakikukwama. Kidole changu kilikuwa juu yake. Vilipoanza kwenda vyote niliona mara moja kosa langu, mimi si mjinga, na kidole kikaenda chenyewe hadi kwenye kitufe kikatulia hapo. Halafu nikakiona kile cheusi kinasukumwa. Nikahesabu. Sikupanga kuhesabu, nilijikuta ninahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Kilipoanguka ndipo nikabonyeza.

Baba yako alikuwa amesimama bega kwa bega na mimi. Alikiona kidole changu. Alikitazama, akanitazama mimi, tukatazamana hivyo katikati ya kelele za watu. Kisha akapiga magoti akaanza kuokota, na watu walipoanza kunong'ona juu yangu akasema kwa sauti kubwa, "Kosa langu, jamani. Reli haina kizuizi, na mimi sikutazama."

Mimi nikadhani amesema kwa ajili ya watu tu, akienda kwake ataandika ya kweli. Nikawahi kukuandikia yangu. Kumbe naye kakuandikia ileile.

Ndilo linaloniuma hilo, kuliko mtambo, kuliko daraja. Mimi nimedanganya maisha yangu yote, mpwa wangu. Nimedanganya upepo, nimedanganya simba, nimekudanganya hata kwamba niliendesha treni. Sikuendesha hata siku moja. Nilikuwa mtu wa kubadilisha njia, navuta chuma treni ipite huku au kule, dereva akipita hata mkono hanipungii. Uongo wote huo wa nini? Wa kujipamba. Yeye kasema uongo mmoja tu tangu arudi, na huo mmoja kanisitiri mimi. Hata kwenye uongo, kazi yangu, shemeji kanipita!

Na lingine niseme, kalamu ikiwa bado ina wino. Unakumbuka sauti ya kile kichwa chini ya kitanda. Najua. Baba yako alipoondoka nacho ulikaa siku tatu chini ya kitanda kile unakiulizia. Marehemu dada yangu alishindwa kukutoa. Siku ya nne nikaenda kununua cha kwanza cha kwangu, kile chekundu, nikakiweka sakafuni mlangoni, ukatoka. Meza yote ile ilianzia hapo. Sikuwa nimewahi kupenda vitu hivyo. Ndiyo maana kilipokuja tena, kilekile, kimefungwa kwenye taulo, mkono ukanikataa.

Juzi nilipanda ngazi za duka la dawa. Ni ngazi kumi na tisa, wala si ndefu kama wasemavyo. Nikabisha. Akafungua, ameshika koleo.

"Shemeji," akasema, "umekuja kununua kingine?"

"Nimekuja kutazama hiyo ekseli."

"Hutaiweza."

"Nimeunga ekseli za treni ya kweli."

"Ulikuwa mtu wa swichi."

"Nani kakwambia?"

"Dada yako. Zamani. Ingia, unaziba mwanga."

Tumeshinda humo siku mbili. Nilimwambia habari ya kidole. Akasema, "Nilikiona." Nikamuuliza mbona hukusema. Akanyoosha ekseli kwanza, akaitazama mwangani, akasema, "Mimi niliondoka miaka ishirini na miwili, wewe umechelewa sekunde nne. Nianzie wapi kukusema?" Bomba la moshi tumelitengeneza kwa mrija wa shaba wa mwenye duka la dawa. Ninataka lipakwe rangi, yeye anasema libaki ling'ae, tumegombana hadi muuza magazeti akapanda kuuliza kuna nini. Nikiwa mkweli, ekseli ameinyoosha vizuri. Sana. Na chai yake ni nzuri pia, nimeirudia mara tatu kwa uchungu.

Kwa hiyo nyumba ya wageni iandikie wasikutunzie chumba. Kaa wiki kwake na wiki kwetu kama ulivyofikiri. Anza kwake ukitaka. Nimesema ukitaka.

Tarehe 17 saa tisa tutakuwa stendi wote wawili. Tumekubaliana kwamba hatutakukimbilia, tutasimama tu, na begi utampa unayetaka.

Mimi nitafika saa saba.

Mjomba wako